Namba nilizozificha chini ya mausi

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo nina kosa langu la kuungama.

Niliitengenezea hoteli moja ndogo hapa Diani ripoti ya vyumba: grafu ya pau, kila siku na pau yake, Januari hadi Juni. Ili ipendeze, namba zote niliziondoa. Ukipeleka mausi juu ya pau ndipo kinatokea kisanduku chenye tarehe, vyumba na mapato. Meneja akasifu, nami nikavimba kichwa.

Mhasibu wao ni mama ambaye kiharusi kilimwachia mkono wa kulia dhaifu. Mausi haiwezi, lakini kibodi anaiendesha kwa mkono wa kushoto, tena upesi. Siku moja akaniita: "Mwanangu, namba za Aprili umezificha wapi?"

Nikabonyeza Tab. Wapi! Grafu ikarukwa kama haipo. Kumbe tangu nilete ripoti yangu, hesabu alizokuwa akizisoma mwenyewe miaka yote alikuwa akisomewa na kijana wa mapokezi. Niliona haya.

Usiku ule nikaipa kila pau tabindex="0", kisanduku kitokee pia Tab inapoifikia. Nikaongeza balaa: ili kuivuka grafu, unabonyeza Tab mara 181!

Jaribio la pili likafaa. Tab moja inakuingiza kwenye grafu, mishale ya kushoto na kulia inakutembeza siku hadi siku, Tab nyingine inakutoa. Esc inafunga kisanduku. Chini nikaweka jedwali la kawaida lenye namba zote, na hilo ndilo mama analolitumia zaidi.

Wala si jambo jipya. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 ulishataka kazi za ukurasa zifanyike kwa kibodi. WCAG 2.1 wa 2018 ukaongeza kanuni 1.4.13 ya visanduku hivi: mtu aweze kukifunga bila kusogeza mausi, aweze kuipeleka mausi juu yake, na kisitoweke kabla hajamaliza kusoma. Nilikuwa naujua mwongozo huo. Sikuwahi kuijaribu kazi yangu bila mausi, basi.

Nawe unayetengeneza ripoti, chomoa mausi dakika tano, kisha itafute namba moja tu kwenye grafu yako. Ukikwama, niandikie tusaidiane. Tukutane tena.