Maji Meupe

Likizo iliyopita mjukuu wangu alikuja Busi, akanionyesha picha ya Ziwa Haubi iliyopigwa kutoka angani. Ziwa hilo la wilaya yetu ya Kondoa nimelizunguka kwa miguu tangu ujana, lakini sikupata kuliona lote kwa mara moja.

Akanieleza kwamba maji yenye tope hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi, na yenye mwani huumeza mwekundu na kurudisha kijani. Chombo kiitwacho Sentinel-2, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2015, huona hadi kipande cha mita 10. Kukiwa na mawingu hutumwa ndege ndogo isiyo na rubani, droni, ambayo huruka chini yake. Hiyo nayo huombewa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwewe wetu hawajui sheria hiyo.

Tope lile nalifahamu lilikotoka. Milima ya Irangi ilikuwa imechimbika makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika.

Wakati huo kipimo changu kilikuwa kisahani cheupe, nilichofundishwa chuo cha ualimu. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, alikitumia baharini mwaka 1865: unakishusha kwa kamba, na pale kinapotoweka machoni unasoma kina. Mimi nilipaka rangi mfuniko wa sufuria, nikawapeleka wanafunzi lamboni.

Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu mkuu, kisahani kilionekana hadi chini kabisa. Kuni zilikuwa mbali. Nikasema maji ni meupe, hakuna haja ya kuchemsha. Wiki mbili hazikupita, watoto wakaanza kuhara damu. Msichana mmoja wa darasa la nne hakurudi tena shuleni. Baba yake alinipa mkono msibani, wala hakuniuliza neno.

Basi nikamwuliza mjukuu wangu, "Hicho chombo chako kingeviona vijidudu?"

"Hapana, Babu. Vijidudu havionekani kutoka juu, wala madini ya floridi yanayoharibu meno ya watoto. Lazima mtu ashuke, ajaze chupa, ipelekwe maabara."

Alikuwa na chupa kadhaa kwenye mkoba. Nikamwomba aniachie mbili.