Njia ya Jorodom isisawazishwe

Jorodom ninayoikumbuka haikuwa njia ya watalii. Ilikuwa ya wachungaji, ya waokota kuni, na ya Wabarabaig ambao kwao Hanang ni mlima mtakatifu. Ndiyo maana haina kona za kumpunguzia mtu mwinuko: inatoka Katesh, inaingia msituni, inapanda wima hadi kwenye mgongo wa mawe, halafu inakudanganya kwa vilele viwili vitatu kabla hujafika mita 3,417. Kiangazi hupati pa kuchota maji, kwa hiyo kila lita utakayokunywa unaibeba tangu chini. Baadaye walikuja wapanda milima, msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na vibali vikaanza. Siku hizi, utalii ukitajwa, haichukui muda kabla mtu hajasema Jorodom nayo ichongwe, iwekewe ngazi na vibanda kama Marangu kule Kilimanjaro. Mimi nasema iachwe na ugumu wake.

Hoja ya kwanza ya wanaonipinga ni usalama, na nzito kuliko zote ni ile ya Jumapili ya Desemba 3, 2023. Sehemu ya mlima iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka, tope likafuata mkondo wa Mto Jorodom likizoa mawe na magogo, na zaidi ya watu 80 wakafa. Lakini msiba ule uliwakuta watu majumbani mwao, Katesh na Gendabi, wala haukuletwa na ukali wa njia ya kupandia. Tena mlima wa namna hii ukiuchonga njia pana kwenye mteremko, unayapa maji mfereji mwingine wa kushukia. Hoja ya pili ni kipato cha vijana. Hii naiheshimu sana, ila naiona upande wa pili: kwenye njia iliyosawazishwa mgeni huweza kujiongoza, na kwenye Jorodom hawezi. Anachonunua pale ni ujuzi wa mwenyeji anayejua ukungu ukishuka upite jabali lipi. Wala kuacha mahali na ugumu wake si jambo geni: huko New Zealand kuna viwanja vya vilabu vya kuteleza kwenye theluji, kama Craigieburn, ambako mashine haipitishwi kuisawazisha theluji. Asiye na uzoefu huanzia kwingine, na hakuna anayeona kaonewa. Mgeni wetu asiyeuweza mwinuko anaweza kutembezwa msitu wa chini, au kando ya Ziwa Balangida.

Kukataa kusawazisha si kukataa matunzo. Zipo sehemu ambazo nyayo zimechimba udongo hadi mizizi ikabaki nje, na masika njia hugeuka kijito. Hapo pawekwe mawe na magogo ya kuyachepusha maji, na kazi hiyo wapewe wenyeji wa Jorodom, wanaojua mvua ikinyesha maji hukimbilia wapi.