Njia ya Lucky Summer na Simu ya Dereva

Mgeni atokaye pwani akisikia jina la Lucky Summer hutazamia bustani na hewa ya bahari. Mtaa wenyewe ni wadi ya eneo bunge la Ruaraka, Nairobi, jirani na Baba Dogo na Korogocho. Ng'ambo ya mto liko jaa la Dandora, na upepo ukigeuka, moshi wake huingia hadi jikoni. Maghorofa yamebanana, nguo zimeanikwa kwenye roshani, na chini yake kila nafasi ina mwenyewe: muuza sukuma wiki, kinyozi, fundi cherehani, kibanda cha M-Pesa. Watu wake ni wakarimu. Tulikwenda kuwazuru jamaa zetu waliohamia huko, tukakaa siku nne, na lililotushughulisha kuliko yote ni simu mikononi mwa madereva.

Kutoka barabara ya Thika tuliingia Outer Ring, kisha matatu ikakunja barabara ya Baba Dogo, baina ya viwanda. Hapo malori hutoka malangoni, wafanyakazi huvuka kwa makundi, na wachuuzi wamepanga bidhaa mpaka ukingoni mwa lami. Dereva wetu, kijana mwenye adabu aliyetusalimu vizuri tulipopanda, alipigiwa simu mara tatu katika kipande hicho kifupi. Ya kwanza ilitoka kwa mwenzake, habari za foleni. Ya pili ilihusu pesa. Ya tatu tulisikia sauti ya mwanamke ikiuliza amefika wapi, na je, atapitia unga? Alimjibu kwa upole, usukani ameushika kwa mkono mmoja.

Bi mmoja wa makamo katika msafara wetu hakustahamili. "Mwanangu," akamwambia, "mpe kondakta akushikie hiyo simu. Mkeo atakuwia radhi, lakini hawa watoto barabarani hawana pa kukimbilia." Baadhi ya abiria walicheka. Dereva hakukasirika, alisema, "Sawa, mama," akaitoa. Ilipolia tena, kondakta aliipokea: "Anaendesha. Atakupigia tukifika steji." Safari ikaendelea, na unga, bila shaka, ulinunuliwa.

Twaomba kina mama waitazame sana ile simu ya tatu. Mazoea yetu ni kumlaumu dereva peke yake, ilhali nyingi ya simu zinazomlilia njiani hutoka nyumbani, kwa watu wanaompenda na kumwombea afike salama. Wala watu wa Mombasa tusijione bora. Tuktuk zetu hukata kona huku simu imebanwa kati ya bega na sikio, kama vile bodaboda wa Lucky Summer wanavyoichomeka ndani ya kofia ya chuma.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa uwezekano wa dereva anayetumia simu kupata ajali ni kama mara nne ya ule wa asiyeitumia, na kwamba visikizi vya sikioni havimwokoi sana. Kinachotekwa ni akili. Mikono yaweza kuwa huru huku moyo uko Kongowea ukichagua samaki. Na mwendo wa pole nao hudanganya. Kwa kilomita 30 kwa saa gari hukata zaidi ya mita 8 kila sekunde. Sekunde mbili za kusoma ujumbe ni mita 16 na ushei za kwenda bila macho. Katika vichochoro vya Lucky Summer, ambako watoto hawana ua wa kuchezea ila barabara, mita 16 ni milango mingi.

Sheria ya Kenya ipo: kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zimeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva atumiaye simu gari likienda. Kwa Muislamu hesabu haiishii hapo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Brunei mwaka 1993, lilitamka kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu. Na atakayemuua muumini kwa kukosea, Suratun-Nisaa imemwekea diya kwa jamaa wa maiti, isipokuwa wasamehe, pamoja na kafara, ambayo kwa zama zetu ni kufunga miezi miwili mfululizo. Siku sitini hivi, kwa ajili ya neno "nimekaribia".

Mwenyeji wetu huendesha teksi ya kuagizwa kwa simu, kwa hiyo kuizima hawezi. Ndiyo riziki yake. Ameiweka kwenye kishikizo karibu na kioo, na njia huitazama kabla ya kuondoka. Oda ikiingia yumo mwendoni, huiacha ikaenda kwa mwingine, na hakutuficha kwamba roho humuuma, hasa mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inapokaribia. Mkewe hampigii akiwa kazini. Yeye ndiye hupiga, akishaegesha. Siku tulizokuwa pale simu hiyo ilikuja mara baada ya isha, mara saa nne usiku. Wali umefunikwa, watoto wamelala, nasi tunakunywa kahawa tukimngoja.