Shule ni ya Nani?

Siku hizi popote wanapokutana wazazi, baada ya Misa au sokoni, neno la shule halikosekani. Mmoja asema: Shule ni ya Serikali, na Serikali ndiyo ipasayo kuitunza. Mwingine asema: Mapadri ndio walioijenga, basi waiongoze. Wa tatu asema: Sisi wazazi ndio tuliowalisha walimu miaka mingi, nasi tuulizwe. Na walimu nao wabishana juu ya namna ya kufundisha. Sisi tumefanya kazi ya ualimu kwa muda mrefu katika shule ya parokia. Tumewasikia wote, na kila mmoja ana neno la kweli. Lakini twataka kuwaeleza jambo tulilojifunza kwa aibu.

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1906 Roma na Dola Huru ya Kongo waliandikiana mapatano: misioni zikapewa ardhi, nazo zikapaswa kufungua shule. Mwaka 1954 Bwana Auguste Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, alianza kuwafungulia Wakongo shule za Serikali zisizo za dini, na wakubwa wakapigana vita vya maneno. Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Mobutu iliamua kuzitwaa shule za misioni, na masomo ya dini yakaondolewa. Halafu, tarehe 26 Februari 1977, Serikali na madhehebu wakapatana tena: madhehebu yaongoze shule zao, Serikali iweke programu na kulipa mishahara. Wazee walisema kweli: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Katika miaka ya 1990 mishahara ilikauka, walimu wakagoma, na wazazi wakaanza kulipa primu, ndizo fedha za kumwezesha mwalimu kuishi. Tusiwadharau wazazi wale. Waliuza mbuzi, waliuza mihogo kabla haijakomaa, ili shule isifungwe. Lakini primu ilizaa karatasi. Kila mwezi direkta alituletea karatasi ya majina ya watoto wasiolipa, nasi tuliisoma mbele ya darasa, nao walitoka. Tulisoma bila kusita, kwa maana primu ile ndiyo iliyonunua unga wa nyumbani kwetu.

Katika darasa la tatu palikuwa na mtoto mmoja mwenye akili. Mama yake alikuwa mjane, muuza mafuta ya mawese. Asubuhi moja tulifungua karatasi, na kabla hatujasoma jina la kwanza, mtoto yule alisimama, akatia daftari kwapani, akatoka. Kumbe siku ile jina lake halikuwamo! Mama yake alikuwa amelipa tangu Ijumaa. Tulimwita, lakini alikwisha fika barabarani. Aligeuka akatutazama kama mtu asiyeelewa aliloitiwa. Alirudi, akaketi, lakini tangu siku ile, kila karatasi ilipofunguliwa, macho yake yalikwenda mlangoni. Ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tumemfundisha somo moja, naye alikuwa amelishika vema kuliko hesabu.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima, tena ni ya bure. Neno hilo lilikaa katika karatasi miaka mingi. Septemba 2019 ndipo lilipoanza kutendwa, na neno gratwite likawa kinywani mwa kila mama sokoni. Tulimshukuru Mungu. Lakini darasa letu lililokuwa na watoto 52 likawa na watoto 117. Waliketi watano katika benchi la watu watatu, na wengine waliketi chini.

Hapo ukazuka ubishi mwingine kati yetu walimu. Mzee mmoja alisema: Tufundishe kama zamani, mwalimu aseme, watoto wote waitikie. Kijana aliyetoka katika chuo cha ualimu alisema: Sivyo, tuwagawe vikundi vikundi, watazame, washike vitu, waulize. Tulimcheka kijana. Vikundi gani, mahali ambapo mwalimu hana hata njia ya kupita?

Basi tuliwaimbisha hesabu ya mara nne kwa kifaransa. Sauti zilipendeza, hata Padri alisimama mlangoni kusikiliza. Alipokwisha kwenda, tulimwuliza msichana wa benchi la mwisho, aliyeimba kuliko wote: Nne mara saba ni ngapi? Alianza kuimba tangu mwanzo, akafika kwenye sita, neno likampotea, akanyamaza. Tulimpa maharagwe, tukamwambia kwa kiswahili: Mama ana watoto saba, kila mmoja apewa maharagwe manne. Alipanga mafungu yake pole pole, akahesabu, akasema: Ishirini na nane. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameimbishwa tu.

Tangu siku ile tulimwomba radhi kijana. Wimbo twauacha, maana wasaidia kukumbuka, lakini uje baada ya kufahamu. Nusu ya darasa ilikwenda chini ya mwembe na vikundi vyake, kila kikundi na mwanafunzi mkubwa wa darasa la sita, nusu ilibaki nasi, kisha walibadilishana. Na jambo jipya tulilieleza kwanza kwa kiswahili. Hatukuvunja sheria, kwa kuwa sheria ya elimu ya 2014 yenyewe yazikubali lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia.

Ikabaki shida ya walimu. Wawili wetu hawakuwamo katika orodha ya malipo ya Serikali, na primu ilikuwa imeondolewa. Komite ya wazazi ilikutana, na baba mmoja akasema: Turudishe primu kidogo, kimya kimya. Wengi walipiga makofi. Ndipo mama mmoja aliposimama akauliza: Na asiyekuwa nayo, mtasoma jina lake? Watu walinyamaza. Nasi tuliwasimulia habari za yule mtoto wa karatasi.

Siku ile tulipatana hivi: atakaye kuwasaidia walimu alete mavuno au fedha kwa hiari yake, kama sadaka, bila kuandikwa jina; hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi, aione kila mtu; na direkta aandike tena na tena kwa wakubwa wa elimu, mpaka wale wawili walipwe haki yao. Hatutaficha kwamba msaada ule haukutosha. Mwalimu mmoja alituacha, akaenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa mwalimu mwema, na twasikitika hata leo. Lakini hakuna mtoto aliyetoka.

Basi shule ni ya nani? Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, wafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Serikali ina wajibu wake, Kanisa lina wajibu wake, na walimu vilevile. Lakini anayesema “shule ni yangu” aulizwe maneno mawili: Mtoto wa benchi la mwisho aweza kubaki? Na akibaki, afahamu? Akishindwa kujibu, hata awe na ufunguo wa shule mfukoni, bado hajawa mwenye shule.

Ninyi wazazi, mkienda shuleni, msiishie kwa direkta. Ingieni mpaka nyuma kabisa, mkaulize huko. Na sisi walimu, kila jioni kabla ya kulala, tujiulize mbele ya Mungu: Leo tumemfundisha mtoto somo gani?