Mkesha wa Watakatifu Wote: Safari ya Kisarawe

Huko Ulaya na Marekani usiku wa 31 Oktoba watu huchonga maboga na kuyatia taa ndani, na watoto huvaa vinyago. Sisi boga twalipika kwa nazi. Lakini mkesha ni ule ule, wa Watakatifu Wote.

Miaka mingi, siku hiyo, mama alikwenda Kisarawe peke yake kwenye kaburi la mtoto wetu. Baba alibaki na wanafunzi wa katekisimu. Mwaka huu tuliondoka Kibaha alfajiri, sote wawili. Tulipokwisha kupita Gongo la Mboto tukapanda vilima vya Pugu, walikofika wamisionari Wabenediktini mwaka 1888. Januari 1889 misheni yao ilishambuliwa, baadhi yao wakauawa. Tukawaombea, tukaendelea.

Kisarawe mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mikorosho imezaa, na maembe yanaiva. Tulipalilia kaburi, tukawasha mshumaa, tukalia pamoja, jambo tusilolifanya tangu siku ya maziko. Kisha tukagawana embe moja chini ya mti.

Basi, enyi mlio katika ndoa, mzigo wa wawili asiachiwe mmoja.