Pikipiki Mpya na Amana za Maharusi

Tumezoea kuzungumza shela, hina na mishono. Leo tunazungumza injini. Msicheke, mtaona inavyofika kwenye gauni.

Sisi ni mawifi wawili, tuna kiduka cha ushonaji Mbagala, Temeke. Mmoja wetu ni mke wa Baba Nasra, mwingine ni dada yake. Yeye ndiye anayetupelekea nguo kwa wateja wa Tandika, Kigamboni na Mwananyamala. Mara moja au mbili kwa mwezi hushika Barabara ya Kilwa: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, anavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, anapita Somanga na Nangurukuru mpaka Kilwa Masoko. Ni kama kilomita 300 kwenda tu. Huko ndiko kwetu kwa asili, na maharusi wetu wengi wako huko.

Mwezi wa Rajabu zamu yetu ya upatu ilifika, alhamdulillah, tukanunua Boxer mpya ya cc 150. Hata wiki haijaisha, Baba Nasra akaja na karatasi aliyoandikiwa na fundi. Silinda ichongwe iwekwe pistoni kubwa, kabureta ibadilishwe, ekzosi iwe ya wazi, na sproketi ya nyuma iwe ndogo ili pikipiki ikimbie. Jumla shilingi laki tatu na nusu. Fedha hiyo nyumbani ilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya kopo la malipo ya awali ya maharusi watatu wa Mfungo Mosi.

"Nitairudisha kabla hamjaenda Kariakoo kununua kitambaa," akasema.

Hoja yake haikuwa ya kitoto. Barabara ile ina malori ya mizigo ya Mtwara na Lindi, na mabasi yenye haraka. Alituambia, "Lori likikusukuma nyuma na pikipiki haina nguvu, mnataka nisome dua tu?" Tulinyamaza. Ni mume na ni kaka, hakuna kati yetu anayetaka aletewe habari mbaya.

Lakini tulikuwa na kidonda. Pikipiki yetu ya kwanza ilifanyiwa jambo hilo hilo na fundi mmoja wa mtaani. Mwezi wa kwanza iliruka kama swala. Mwezi wa tatu, mbele kidogo ya Somanga, jua la saa saba, injini ikakaba. Gauni la bibi harusi lilikuwa kwenye keria na ndoa ilikuwa siku ile ile baada ya Alasiri. Lilifika saa nne usiku juu ya lori la mkaa. Bibi harusi alikuwa ameshaolewa, amevaa gauni la kuazima kwa binamu yake. Tulimrudishia fedha yake yote, akapokea bila kusema neno. Hiyo ndiyo iliyotuumiza, afadhali angetutukana.

Basi safari hii tukamwomba kitu kimoja: tusikate shauri kabla ya kumwuliza fundi asiyeuza hivyo vifaa. Tukaenda wote watatu kwa mzee mmoja Gerezani. Alitazama karatasi, akatuuliza sisi wanawake tunafanya kazi gani. Tukasema tunashona. Akasema, basi nyinyi mtanielewa haraka.

Na kweli tulielewa. Cherehani yetu ya kwanza ilikuwa ya kanyaga. Tukaifunga mota kubwa ya cherehani ya kiwandani, tukidhani tutamaliza gauni kwa siku mbili. Sindano zikawa zinakatika na uzi unaruka, mwisho chuma cha ndani kikalika. Mota inasema kimbia, mwili wa cherehani unasema siwezi. Mzee akasema injini ni vivyo hivyo. Ukiweka pistoni kubwa, krenki na beringi zake zinabaki zile zile zilizopimwa kwa pistoni ndogo. Ukichonga silinda unapunguza unene wa ukuta wake, na injini hii inapozwa na upepo tu, haina maji. Ekzosi ya wazi, kama kabureta haikupimwa upya, huacha petroli kidogo na hewa nyingi, na injini inazidi kuchemka. Sproketi ndogo ya nyuma inaongeza mbio na kupunguza mvuto, kwa hiyo ukiwa na mzigo, unapotaka kulipita lori, ndipo pikipiki itakapokuwa nzito. Na pikipiki mpya ikifunguliwa injini, dhamana ya muuzaji nayo ndiyo basi.

Baba Nasra alikuna kidevu. Aliuliza, "Sasa nifanye nini?"

Jibu lilikuwa jepesi kuliko karatasi ile. Injini iachwe kama ilivyotoka kiwandani, na izoeshwe: kilomita elfu moja za mwanzo asiivute mpaka mwisho, asibebe mzigo mzito. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, na baada ya hapo asichelewe. Kichujio cha hewa kisafishwe kila baada ya safari ya vumbi. Fedha kidogo tuliyokuwa nayo sisi wenyewe ikaenda kwenye tairi nzuri, vioo vya pembeni, kofia ngumu na begi lisiloingiza maji. Nguvu aliyoitaka ya kulikimbia lori tukaipata kwa kuondoka Mbagala baada ya swala ya Alfajiri na kukubali kupitwa.

Kopo halikuguswa. Tulimkumbusha, na tulijikumbusha, kwamba malipo ya awali ya bibi harusi si faida yetu mpaka gauni limfike. Mpaka hapo ni amana. Na Mtume (SAW) alimfundisha bedui kumfunga ngamia wake ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Dua ya safari tunaisoma, na oili tunaiangalia.

Magauni matatu ya Mfungo Mosi yalifika Kilwa siku nne kabla ya ndoa. Mmoja wao lilimbana kiunoni, na muda wa kutoa mshono ukawepo.

Bibi harusi, unapolipa fundi wako, usiishie kuuliza bei na mtindo. Muulize nani ataleta nguo, kwa chombo gani, na siku gani. Taja siku ya kupokea iliyo mbele ya siku ya ndoa, si ile ile. Mwezi Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii hii maeneo ya Somanga, na hakuna injini ya kuvuka hapo.

Na wewe mke, mumeo akija na karatasi ya fundi, usimcheke na usimkatalie mlangoni. Mwombe mwende wote kuuliza. Sisi tulikwenda watatu, tukarudi na neno moja.

Allah awape maharusi wetu kheri na wasafiri wetu salama. Amin.