Upatanisho wa Majina ya Kazi

Jina la kazi ni kama vazi. Mtu hulivaa asubuhi na kulivua jioni, na ndani ya vazi hubaki mtu yule yule. Lugha yenye adabu humkumbuka aliyevaa. Lugha isiyo na adabu hulitazama vazi ikamsahau mwenyewe. Kiswahili kimeiweka kumbukumbu hiyo mahali ambapo wasemaji wengi hawapaangalii. Haimo katika jina lenyewe, bali imo katika viambishi vidogo vinavyolifuata, ambavyo wanasarufi huviita upatanisho.

Asubuhi moja katika soko la Morogoro, wakati kilele cha Lupanga kilipokuwa bado kimejitanda ukungu, mfanyabiashara mmoja alikuwa akingoja magunia ya kabichi yashushwe kutoka katika lori lililotoka Mgeta. Kijana aliyekodiwa kuyashusha alikawia, kwa sababu alikuwa akimsaidia bibi yake kubeba tenga la maharage. Alipotokea, mfanyabiashara aliwaambia wenzake, “Kibarua kile kimechelewa tena.” Bibi alitua tenga lake chini, akasema kwa upole, “Mwanangu, tenga langu ndilo lililochelewa. Mjukuu wangu amechelewa.” Mfanyabiashara alitabasamu kwa haya. “Haya, bibi, amechelewa. Na ashushe magunia.” Wenzake walicheka, na kazi ikaendelea.

Kwao jambo lilikwisha pale pale, lakini kwa kijana ndipo lilipoanza. Shuleni alikuwa amefundishwa ngeli kama mtu afundishwavyo kuhesabu, akazichukia kwa kuwa hakuona faida yake. Siku ile aliona silabi moja ikimtoa mtu katika jamii ya matenga na magunia na kumrudisha katika jamii ya watu. Bibi yake, ambaye alilelewa katika Kiluguru na hakupata kufungua kitabu cha sarufi, aliijua kanuni kuliko wengi walioisoma.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kusema. Majina ya kazi katika Kiswahili huja kwa maumbo mengi. Mkulima, mpishi, mwashi na mhunzi ni majina yaliyozaliwa katika ngeli ya watu, na hayamsumbui mtu. Kinyozi na kiongozi yamevaa umbo la vitu, kama kiti na kisu. Fundi, karani, daktari, seremala na dereva huchukua wingi wa ma-, kama tunda na jiwe. Hata hivyo msemaji mwenye lugha yake hasemi “kinyozi kimefika” wala “mafundi yamefika.” Husema kinyozi amefika, vinyozi wamefika, fundi amekuja, mafundi wamekuja. Umbo la jina hubaki lilivyo, na upatanisho humfuata mtu.

Ukarimu huo wamefanyiwa wageni pia. Waarabu walikuja na neno muallim. Waswahili walisikia mwanzoni mwake sauti iliyofanana na kiambishi chao cha mtu, wakalifanya mwalimu, na wingi wake waalimu. Dereva alitoka katika Kiingereza baada ya kuja kwa motokaa. Yeye hakubadilishwa umbo kwa namna hiyo, lakini mara alipoketi nyuma ya usukani alipewa a- na wa- sawa na mkulima. Lugha haikumwuliza atokako wala mshahara wake. Iliuliza jambo moja tu: je, ni mtu?

Lakini mlango wa heshima ukiwapo, mlango wa dharau haukosi kuwapo. Mtu akitaka kumshusha daktari husema, “Kidaktari kile kinajidai.” Akitaka kumshusha karani humfanyia vivyo hivyo. Hapo upatanisho umeachwa kwa makusudi, na kila asikiaye huhisi ncha ya neno. Hii ni dalili kwamba upatanisho wa mtu si pambo la sarufi. Kama ungalikuwa pambo, kuuvua kusingaliuma.

Hapana jina la kazi linaloonyesha hatari hii kama kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani kikaratasi cha kazi ya kutwa. Katika karne ya 19, huko Unguja na Mombasa, wengi walioitwa vibarua walikuwa watumwa waliotolewa na mabwana zao kwenda kufanya kazi ya ujira, na sehemu ya ujira ikarudi kwa bwana. Hivyo mtu aliitwa kwa jina la karatasi yake. Baadaye reli ilifika Morogoro mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakaenea, na mfanyakazi wa mkonge akapewa kadi iliyoitwa kipande, ambayo siku 30 za kazi ziliandikwa humo moja moja. Karatasi ilibadilika jina. Mtu aliendelea kuhesabiwa kwa karatasi.

Kiswahili kilifanya nini? Kililigawa neno. Kazi ikipotea, watu husema kibarua kimeota nyasi. Mfanyakazi akifika, husema kibarua amefika. Neno ni moja, maana ni mbili, na hakuna kinachozitenganisha ila ki- na a-. Kosa la yule mfanyabiashara halikuwa kumwita kijana kibarua, kwa maana kazi ya kutwa si aibu. Kosa lilikuwa kumpa mtu upatanisho wa kikaratasi.

Zama za ukoloni zilileta jaribu jingine. Mwanamume mwenye wajukuu aliitwa boi, yaani mtoto, kwa sababu tu alipika au alifua katika nyumba ya mzungu. Walowezi wengi wa Kenya walisema Kiswahili kilichopewa jina la Kisetla, ambacho kilitupa karibu ngeli zote, hata boi na ndoo vikaulizwa kwa namna moja: iko wapi? Ziko lahaja za bara ambazo wenyeji husema hivyo baina yao bila dharau, na hapana aibu katika hayo. Lakini bwana akisemapo hivyo juu ya mtumishi, na mtumishi hana ruhusa ya kujibu kwa namna ile ile, tofauti ni kubwa. Waswahili walilipokea neno boi, wakakataa sehemu yake iliyo mbaya: walisema maboi wamekuja.

Mkonge wenyewe ulitoka mbali. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ikafika Tanga ikiwa hai. Asili ya mmea ni Yucatán katika Meksiko, na jina lake la kimataifa ni la bandari ya huko, Sisal. Watu wa nchi ile husema Kihispania, na katika lugha hiyo mfanyakazi wa kutwa ni jornalero, kutoka jornal, ujira wa siku. Ndugu yake kibarua huyo! Naye ameitwa kwa kitu anachopewa.

Kihispania nacho kina upatanisho, ila huuliza swali jingine: ni mwanamume au ni mwanamke? Jornalero akiwa mwanamke huwa jornalera. Dentista, daktari wa meno, habadiliki umbo, na mwisho wake wa -a hufanana na majina ya kike. Lakini akiwa mwanamume husemwa el dentista cansado, akiwa mwanamke la dentista cansada, maana yake daktari wa meno aliyechoka. Hapo pia jina limesimama na upatanisho umemtafuta mtu. Kiswahili huuliza hivyo mara chache, kama katika bwana shamba na bibi shamba, lakini wote wawili amefika na wamefika zao ni zile zile.

Kwa hiyo mwanafunzi anayechoshwa na ngeli na akumbuke soko la Morogoro. Majina ya kazi yataendelea kuja kutoka kila pembe ya dunia, na mengine yatakuja na dharau ndani yake. Hayawezi kuzuiwa mlangoni. Yanaweza kupewa upatanisho wa mtu yakiisha kuingia, kama bibi alivyofanya, akajitwika tenga lake tena na kwenda kuuza maharage.